Mpya, Haijaguswa

Logan, Queensland
4 Machi 2018

Shikamoo Shangazi Losaline,

Naomba karatasi hii ikukute mzima huko kisiwani Uiha, na ule mguu uliovimba kwenye ndege uwe umenywea. Sisi huku hatujambo, ila joto halijatuachia. Kaka Semisi bado yuko kiwanda cha nyama, anatoka alfajiri na kurudi amenuna. Mkewe Kirsty anakusalimu. Mtoto Ilaise tangu atimize mwaka hataki tena kutambaa, anashika viti na kutembea kama mlevi. Kanisani bado wanaisimulia ile sherehe yake, hasa ulivyokaa mbele na keki kubwa kuliko zote ikaletwa miguuni pako, kama inavyompasa shangazi wa baba. Wazungu wa upande wa Kirsty walibaki midomo wazi.

Nimeamua kuandika kwa kalamu maana simu ya mwanao Mosese ukiongea wanakusikiliza mpaka mashemasi. Barua anakuja nayo mama Pelenaise wa kwaya.

Shangazi, kuna jambo dogo. Unaikumbuka biashara yangu, yale masanduku yaliyopangwa chumbani kwangu ulikolala. Nilikueleza kwamba nanunua vipodozi vilivyobaki kwenye maduka yaliyofungwa au ambavyo watu wamepewa zawadi wakavikataa, kisha naviuza mtandaoni. Mnunuzi hanioni wala hakishiki kitu. Anachonunua ni maneno yangu. Nikiandika "mpya, haijaguswa", basi iwe mpya, haijaguswa. Nikiandika "imejaribiwa mara moja", anajua anachokipata na bei inashuka. Ndiyo maana nimeweza kuacha kufua mashuka ya wazee, kazi iliyokuwa inanivunja mgongo.

Sasa mwanamke mmoja wa Melbourne ameniletea malalamiko. Alinunua lipstiki niliyoiandika mpya. Anasema ncha yake imelala upande mmoja na ina alama ya mdomo wa mtu. Kaleta na picha. Nimeitazama picha hiyo mpaka macho yakauma, na mwanamke hasemi uongo.

Kwa hiyo nauliza tu, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukishinda nyumbani wiki zile: uliona mtu yeyote akiingia chumbani na kugusagusa masanduku? Sina maana mbaya. Nataka kujua tu.

Mwanao,
Lesieli


Uiha, Ha'apai
8 Aprili 2018

Lesieli mwanangu,

Marahaba. Mguu umepona, niliukanda kwa mafuta na matusi. Barua yako Pelenaise alikaa nayo mjini Nuku'alofa akisubiri boti, na nadhani aliisoma, maana amenitazama kwa jicho la pembeni tangu afike. Huku viazi vikuu vimezaa vizuri, nguruwe wa mchungaji wamevifukua vya kwetu na mchungaji anasema ni nguruwe wa mtu mwingine. Mosese kapata mchumba, ana miguu mizuri na hajui kusuka mkeka. Tutaona.

Umeniuliza nani aliingia chumbani. Mwanangu, nyumba yenu ile ina milango mingi na hakuna hata mmoja unaofungwa. Aliingia Semisi kutafuta chaja. Aliingia Kirsty na nguo za mtoto. Mtoto mwenyewe aliingia akala kipande cha boksi. Niliingia mimi, maana ndiko nilikolala. Sasa nikutajie yupi?

Ila nikwambie, hiyo biashara yako siielewi. Kitu kimeguswa mara moja basi kimeharibika? Mkeka wangu wa harusi aliukalia bibi yako, ukavishwa maiti ya babu yako, nikaufunga kiunoni mimi mwenyewe kanisani kama tuvaavyo mikeka huku, na leo ukiuleta kwenye msiba watu wanasimama. Ungekuwa mpya, haujaguswa, nani angeuangalia? Kwetu kitu hupata heshima kikipita mikononi mwa watu wenye heshima. Hao watu wa Melbourne wanataka kitu ambacho hakijawahi kuwa cha mtu.

Usikonde. Kuna watu kazi yao ni kulalamika.

Mwezi Mei ni sikukuu ya watoto kanisani na mimi nitakaa kiti cha mbele. Nitumie lipstiki moja. Siyo zile za kung'aa, nitaonekana nimekula nyama ya kopo. Nitumie ile nyekundu ya kahawia iliyo chini kwenye sanduku la pili.

Msalimie Semisi. Mbusu Ilaise. Kirsty pia.

Shangazi yako,
Losaline


Logan
6 Mei 2018

Shikamoo Shangazi,

Nashukuru kwa barua. Hongera kwa Mosese. Huku tu wazima, ila hatulali. Semisi amekonda.

Lipstiki nimeitafuta. Ile nyekundu ya kahawia ilikuwa kweli chini kabisa kwenye sanduku la pili, ndani ya boksi lake, na boksi ndani ya nailoni. Nauliza tu, Shangazi, rangi yake ulionyeshwa na nani? Boksi halina picha. Labda mimi ndiye niliyekuonyesha nikasahau.

Malalamiko yamekuja mengine. Mteja wa Perth kapokea krimu ya uso niliyoiandika haijafunguliwa. Kafungua kifuniko kakuta alama ya kidole katikati, mtu kachota. Anauliza kama namfanya mjinga. Wenye mtandao wameniandikia kwamba likija lalamiko la tatu ukurasa wangu unafungwa. Ukurasa ukifungwa mimi narudi kwenye mashuka. Huku hawakuulizi wewe ni mtoto wa nani. Wanahesabu nyota ulizopewa na wateja, na zangu zinaanguka.

Hapo nikaanza kukagua nyumba. Shangazi, kifuniko cha krimu moja kilinukia mafuta ya nazi yenye maua. Kirsty hujipaka mafuta hayo siku hizi, ile chupa uliyomwachia ya kumkandia mtoto. Nailoni za maboksi zilikatwa kwa ukucha, taratibu, zikarudishwa vizuri. Kirsty ana kucha ndefu na anashinda nyumbani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia Semisi, naye akamuuliza mkewe mezani mbele yangu.

Angekuwa hana kosa angekataa. Hakukataa. Alisema tu, "Sikugusa kitu chako, Lesieli." Nikamwambia, "Sawa, kama siyo wewe, nani?" Akafungua mdomo, akaufunga. Akamwangalia Semisi. Semisi akasema, "Sema basi, mbona umekwama?" Akaanza kulia. Mimi sijawahi kuona mtu asiye na hatia anayekosa la kusema namna ile. Semisi alipiga meza, na kesho yake Kirsty akamfunga Ilaise kwenye kiti cha gari, akaenda kwa mama yake Toowoomba. Hajarudi.

Nyumba imekuwa kimya kama kanisa Jumatatu.

Sasa nakuomba, kama kuna kitu ulikiona wiki zile na ulikuwa unamsitiri, usimsitiri tena. Nitakuelewa.

Lipstiki nimeifunga humu na fulana za Mosese.

Mwanao,
Lesieli


Logan
15 Julai 2018

Shikamoo Shangazi,

Sijapata jibu. Pelenaise anasema kifurushi ulikipokea kwa mkono wako na sikukuu ulikaa kiti cha mbele mdomo wako ukiwa umepakwa vizuri. Namshukuru Mungu kwamba u mzima.

Ilaise haonekani. Semisi huenda Toowoomba kila Jumapili, anaketi ndani ya gari nje ya geti na mtoto mapajani, Kirsty akiwa barazani. Anarudi ananuka chipsi na huzuni.

Nimesimamisha mauzo. Nimekaa sakafuni na taa, nikafungua kila boksi na kuandika upya hali ya kila kitu, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Poda yenye alama ya kitambaa. Manukato yaliyopungua shingoni mwa chupa. Lipstiki nyingi zimelala upande wa kushoto, kwa pembe moja. Ni mtu mmoja, Shangazi, na anajipaka kwa mkono wa kushoto. Hakuiba hata kimoja. Alijaribu akarudisha. Mwizi gani huyo?

Naogopa hata kuendelea kuandika. Sitauliza. Ninalosema ni kwamba siwezi kuandika "imejaribiwa" bila kujua imejaribiwa na nani na mara ngapi, maana wateja huuliza.

Mwanao,
Lesieli


Uiha, Ha'apai
19 Agosti 2018

Lesieli,

Leo sina habari za nguruwe.

Barua yako ya Mei niliisoma siku ileile ilipofika, nikaitia ndani ya Biblia na sikuijibu. Sikuwa mgonjwa, na boti zilikuwepo. Ni kiburi. Nilisema moyoni, mtoto wa kaka yangu ananizungukazunguka kama kuku aliyeona nyoka, "nauliza tu", "sina maana mbaya", nami nikae nimfafanulie? Shangazi hajielezi kwa watoto wa kaka yake. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na kila nikisali naona kile kiti cha gari na mtoto ndani yake.

Basi sikiliza. Ni mimi. Nilifungua maboksi yako mchana, Semisi akiwa kiwandani na wewe umetoka kutafuta bidhaa, nikajaribu rangi moja baada ya nyingine mbele ya kioo chako kwa mkono wangu huu wa kushoto. Krimu nilichota kwa kidole nilichokuwa nimempakia mtoto mafuta. Nailoni nilizikata kwa ukucha wangu mwenyewe, na kucha zangu unazijua.

Unajua haki yangu. Hakuna kitu nyumbani kwa kaka yangu, Mungu amrehemu, ambacho ningekinyanyua watoto wake wakaniambia weka chini. Ningeweza kuyabeba masanduku yako yote nikayapandisha ndege na ungenisaidia kuyafunga kamba, huku unatabasamu. Wenzangu wangefanya hivyo. Fane wa hapa jirani alirudi kutoka Auckland na friji ya mpwa wake. Mimi nilikuonea huruma. Nikasema mtoto huyu ameacha kazi ya mashuka, hivi ndivyo anavyokula, nisimfilisi. Nikajaribu kidogo kidogo tu, nikafuta kwa kitambaa changu cha kanisani, nikarudisha kila kimoja mahali pake. Nilijiona nimekutendea wema mkubwa. Hata nilimwambia Mungu aone.

Kumbe ningevichukua ungepona. Ungepoteza mali, usingepoteza jina. Hilo sikulijua, na limeniuma, nami nakuambia hivyo bila kuficha.

Lakini sijamaliza na wewe.

Siku moja nilikuwa mbele ya kioo, mdomo mwekundu mpaka kidevuni, Kirsty akaingia na chai. Akasimama mlangoni. Nikaweka kidole mdomoni hivi, akacheka, nami nikacheka, akaweka chai akatoka. Kwa hiyo mkewe Semisi alijua. Hakuwa anakisia, aliniona kwa macho yake. Na mlipomketisha mezani mkamuuliza "kama siyo wewe, nani?", jibu lilikuwa kwenye ulimi. Akalimeza. Unajua kwa nini? Kwa sababu siku alipoolewa Semisi alimwambia, kwetu shangazi hasemwi. Yule mzungu akaishika desturi yetu kuliko ninyi mliozaliwa nayo.

Na wewe Lesieli, ulijua tangu lini? Usinijibu. Barua yako ya kwanza iko hapa. Uliandika nani aliingia chumbani, ukiwa unajua nani alilala chumbani. Ya pili ukauliza rangi nilionyeshwa na nani. Aliyeandika hivyo tayari ana jibu. Ulinijua, ukaniogopa, na hilo ni haki yako, nimekulea uniogope. Lakini ukaona lazima mtu abebe lawama, ukatafuta nyumba nzima asiye na wa kumsemea. Ukampata. Mafuta ya nazi! Mafuta nilimpa mimi. Kucha ndefu! Nimecheka peke yangu kwa hasira.

Nikukumbushe jambo ambalo huenda hulifikirii. Mimi ni shangazi yako, na wewe ni shangazi wa Ilaise. Siku moja atakaa chini na wewe utakaa juu, na keki italetwa miguuni pako. Mimi nilichukua kipande cha rangi kwa mwanangu. Wewe umemwondoa mtoto kwenye nyumba ya baba yake. Niambie yupi kati yetu ameitumia vibaya nafasi yake.

Sasa huu si ushauri. Utakwenda Toowoomba wewe mwenyewe, si Semisi. Utamsomea Kirsty barua hii, hata hapo nilipojisema. Usiseme "Shangazi aligusagusa kidogo". Sema alifungua, alipaka, alirudisha, akanyamaza. Ueleze hali yangu kama unavyoeleza vitu vyako.

Shangazi yako,
Losaline


Logan
14 Oktoba 2018

Shikamoo Shangazi,

Nilikwenda.

Mama yake Kirsty alinifungulia akanitazama kama fundi bomba aliyekuja bila kuitwa. Kirsty alikuwa uani anaanika nguo. Nilimwambia nimetumwa nimsomee kitu, akasema, "Soma basi," akaendelea kuanika. Nilisoma yote kwa Kiingereza changu, nikitafsiri papo hapo, na pale pa kidole mdomoni alisimama na kibanio cha nguo mkononi. Akacheka kidogo. Halafu akalia, na mimi nikalia, lakini hakunisogelea.

Nilimwomba msamaha. Akaniuliza, "Ulidhani kweli ni mimi?"

Shangazi, uliniambia nisikujibu wewe, lakini yeye ilibidi nimjibu. Nikamwambia, "Hapana." Nilitaka kuongeza maneno, kwamba nilichanganyikiwa, kwamba nilikuwa naogopa kurudi kwenye mashuka. Akasema, "Ungesema ndiyo ningekusamehe leo hii." Akachukua kapu lake akaingia ndani.

Niliwaandikia wateja wote walionunua tangu Januari nikawaambia ukweli, hata wale ambao hawakulalamika. Nilidhani ukweli utaniokoa. Lalamiko la tatu lilikuja siku hiyohiyo, kutoka kwa mtu ambaye angekuwa hajui kitu kama nisingemwambia. Ukurasa wameufunga. Nimerudi kufua mashuka, zamu ya asubuhi. Mgongo umenikumbuka. Sikulaumu, na nikisema hivyo sisemi kwa adabu. Kitu kimoja tu ndicho nilichokiandikia uongo nikijua, nacho kilikuwa mtu, Kirsty.

Sasa habari njema. Kirsty amerudi tangu wiki iliyopita. Semisi alimbeba Ilaise begani kutoka kwenye gari mpaka jikoni na majirani wakapiga makofi. Ilaise sasa anakimbia, na aliponiona alijificha nyuma ya mguu wa mama yake. Nilimpa biskuti. Alimtazama mama yake kwanza kabla ya kuipokea, na Kirsty akaitika kwa kichwa.

Anazungumza nami vizuri. Ananipikia, ananiuliza mgongo unaendeleaje. Lakini sharti lake la kurudi lilikuwa moja, na Semisi alilitimiza Jumamosi. Uliwahi kusema nyumba yetu haina mlango unaofungwa. Sasa upo mmoja, wa chumba chao. Semisi alitoboa mbao akatia kitasa chenye ufunguo, Kirsty akiwa amesimama pembeni na mtoto kiunoni. Mtu wa kushika taa alihitajika, maana kile kikorido ni cha giza. Niliishika mimi mpaka akamaliza.

Tuombee.

Lesieli